Hivi "rahisi" ya waongozaji wa milima inapimwa kwa miguu ya nani?

Mtoto wa Tandika (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Naandika nimelaza miguu juu ya mto, kucha za vidole gumba vyote viwili zimekuwa nyeusi kama zambarau.

Wiki mbili nyuma liliingia tangazo kwenye grupu la WhatsApp la mtaani kwetu: Lupanga, Morogoro, kupanda na kushuka siku moja, kosta inaondoka Dar Ijumaa jioni, "kiwango: rahisi hadi wastani, masaa 6, hata anayeanza anaweza". Nikalipa. Tukawa watu 24, gaidi mmoja mbele na kijana mmoja wa kusukuma nyuma. Jumamosi boda zikatupandisha mpaka nyumba zinapoishia, saa moja asubuhi tukaanza kutembea. Migomba kidogo, halafu msitu, halafu ngazi. Siyo ngazi ya binadamu, ni ngazi ya mizizi: mkono unashika mzizi huu, mguu unatafuta ule, macho yako kwenye makalio ya aliye juu yako, unaomba asiteleze. Kileleni ukungu mtupu, hata Morogoro yenyewe sikuiona. Tumezifikia boda saa moja na nusu usiku kwa tochi za simu. Masaa 12 na nusu! Gaidi muda wote kavaa yeboyebo, mgongoni kabeba begi la dada mmoja aliyeishiwa, na kila ukimuuliza kama bado mbali anakujibu "hapo tu".

Sidai hela, hela imeshaliwa. Nauliza tu: hii "rahisi" inapimwa vipi? Kuna kanuni, au mtu anakaa kwenye kochi anaandika?

Kijukuu cha Babu
Nimekaa paleee. Weka picha ya kucha, bila picha hii ni chai.

Dada Saumu
Usiweke tafadhali, watu tunakula.

Bwana Kibuyu
Umesema gaidi. Kwa masaa hayo 12 nakubaliana na wewe kabisa, yule alikuwa gaidi kweli.

Shemeji wa Mgeta
Mtoto wa Tandika pole, lakini ngoja nikwambie kitu kuhusu hiyo "hapo tu". Nimeoa Uluguru, milima hiyohiyo yenye Lupanga. Mama mkwe wangu ana umri wa kuitwa bibi. Enzi zake alikuwa anaamka alfajiri, mkungu wa ndizi kichwani, anashuka mjini kuuza, saa sita mchana yuko njiani anapanda na kilo mbili za sukari na mafuta ya taa. Hakuna aliyemwambia hiyo ni "safari ya kiwango". Kijana wako wa yeboyebo kakulia hapo. Ukimuuliza kama njia ni ngumu, anafikiria nyumbani kwao hadi shuleni. Hakukudanganya, kakujibu kwa miguu yake. Kosa ni la aliyemuuliza yeye halafu akawaandikia watu wa Tandika.

Fundi Rejeta
Wakuu mnazunguka. Tatizo ni oksijeni. Dar tunaishi usawa wa bahari, ukipanda ghafla siku moja hadi kule juu hewa inakuwa nyepesi, oksijeni inapungua, miguu inakata. Sayansi ya kawaida.

Nesi wa Zamu
Fundi Rejeta, kidogo tu nikurekebishe. Kiwango cha oksijeni kwenye hewa ni kilekile, kama asilimia 21, hata ukiwa Uhuru, kilele cha Kilimanjaro. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kila ukivuta unapata kidogo. Pia Lupanga ni mita 2,138. Ugonjwa wa mwinuko tunaanza kuuhofia kuanzia kama 2,500. Atahema zaidi kidogo kuliko Tandika, ndiyo, lakini hiyo siyo sababu ya masaa 12. Mtoto wa Tandika, uliumwa kichwa? Ulitapika?

Mtoto wa Tandika
Kichwa hapana. Kutapika kuna mmoja alitapika, ila huyo alikula chipsi mayai saa kumi na mbili asubuhi stendi.

Nesi wa Zamu
Basi hayo ni mayai. Kucha usizitoboe kwa sindano ya nyumbani. Zikiuma sana au zikitoa usaha nenda kituo cha afya. Zisipouma ziache, zitadondoka zenyewe.

Kijukuu cha Babu
Zikidondoka weka picha.

Mpagazi Mstaafu
Habari za saa hizi wanajamvi. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka 11 kabla goti halijanistaafisha, kwa hiyo nina haki ya kuchangia.

Watu wanasoma urefu wa kilele wanadhani wamejua ugumu. Hebu fanyeni hesabu ya kupanda, acheni ya kilele. Njia ya Marangu siku ya kwanza, kutoka getini mpaka Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, kwenye mita 2,700, mteja anapanda mita 800 na ushee. Basi! Anafika anakuta maji ya moto, chai, bisi. Kesho yake anakwenda kituo cha pili, Horombo, 3,720. Ndugu yetu hapa boda imemwacha labda mita 700 juu ya usawa wa bahari, kapanda hadi 2,138. Hizo ni mita 1,400 kwa mkupuo, halafu kazishuka zote siku hiyohiyo. Kwa miguu tu, bila kuingiza hewa, siku yake ilikuwa nzito kuliko siku yoyote ya Marangu isipokuwa ule usiku wa kilele. Usiku ule unatoka Kibo, kituo cha mwisho, kwenye 4,700 unakwenda 5,895, halafu unarudi kulala Horombo.

Na haya majina ya rahisi na ngumu sisi tunayajua zamani. Marangu inaitwa njia ya Coca-Cola, kwa sababu ya vibanda na soda. Machame inaitwa Whisky. Mteja anasikia Coca-Cola anasema hii ndiyo yangu, anachukua siku tano ili aokoe hela. Njia laini kweli, lakini mwili haujazoea mwinuko, anafika Kibo macho yamevimba hajui hata jina la mkewe. Mwenzake wa Machame kapanda ukuta wa Barranco kwa mikono, kalalamika siku saba, kafika Uhuru anacheza. Sasa ipi rahisi?

Dada Saumu
Hajui hata jina la mkewe 😂 huyo alikuwa anatafuta sababu.

Mwalimu wa Zamu ya Jioni
Mwanzisha uzi kauliza kama kuna kanuni. Ipo. Mwaka 1892 Mskoti anaitwa William Naismith aliandika kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila maili tatu, ambazo ni karibu kilomita 5, kisha unaongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani kama mita 600.

Mtoto wa Tandika, simu yako ilisoma kilomita ngapi?

Mtoto wa Tandika
13 kwenda na kurudi, kabla haijazima.

Mwalimu wa Zamu ya Jioni
Vizuri. Kupanda kilomita 6.5, hiyo ni saa 1 na dakika 18. Mita 1,400 ukigawa kwa 600 unapata saa 2 na dakika 20. Jumla ya kupanda saa 3 na dakika 38. Kushuka saa 1 na dakika 18. Jumla kuu: saa 4 na dakika 56. Mwenye tangazo kaandika 6, kwa hiyo kakupa na saa nzima ya kula ndizi. Kwa kanuni hakudanganya hata kidogo.

Bwana Kibuyu
Mwalimu umemtetea mtu ambaye hata yeye hajui kama ana utetezi huo.

Shemeji wa Mgeta
Huyo Mskoti alikuwa anatembea kwenye majani makavu na upepo wa baridi. Mlete Lupanga mwezi wa nne, mizizi imelowa, udongo mwekundu umekuwa sabuni. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Na kushuka dakika 78? Kwa njia ile? Labda kwa makalio.

Mtoto wa Tandika
Kwa makalio ndivyo nilivyoshuka sehemu tatu. Suruali nimeiacha Morogoro.

Mpagazi Mstaafu
Shemeji yuko sahihi, kanuni ya mwalimu inahesabu kushuka kama tambarare. Kupanda kunamaliza pumzi, pumzi inarudi ukikaa dakika mbili. Kushuka kunamaliza mapaja na magoti, hayo hayarudi siku hiyo. Kucha zake zimekufa wakati wa kushuka, naweka nadhiri. Kiatu kilikuwa cha saizi yako kamili?

Mtoto wa Tandika
Saizi kamili. Raba nyeupe, mpya.

Mpagazi Mstaafu
Nyeupe! Haya. Kiatu cha mlima kinazidi kidogo ili kidole kisigonge mbele wakati wa mteremko, na kamba unazibana upya kileleni kabla hujashuka. Na kucha unakata siku mbili kabla. Hilo gaidi alitakiwa awaambie kabla hamjaondoka Dar.

Mama Wawili
Mbona mnazungumzia miguu na viatu wakati jibu liko kwenye posti ya kwanza? WATU 24. Kiongozi mmoja.

Nimetembea na makundi sana, nawapa hesabu nyingine tofauti na ya mwalimu. Kwenye ile ngazi ya mizizi mnapita mmoja mmoja. Kila mtu dakika moja: anashika, anaogopa, anacheka, anaomba apigwe picha. Watu 24 ni dakika 24. Zikiwepo sehemu kumi za namna hiyo, dakika 240. Masaa manne hayo mmesimama kwenye foleni kama ya NIDA. Miguu imepoa, misuli imekaza, mnaanza upya. Wangekuwa sita wangerudi mchana na uzi huu usingekuwepo.

Mwalimu wa Zamu ya Jioni
Saa 4 dakika 56 zangu, ongeza 4 zako, ongeza na kula na mapumziko, tunakaribia 11. Mama Wawili nakuvulia kofia.

Fundi Rejeta
Inabaki saa moja na nusu. Hiyo ni oksijeni.

Nesi wa Zamu
😂😂 Fundi acha.

Kamau wa Vilima
Majirani, hamjambo. Mimi niko Nairobi, huwa napanda karibu kila wikendi. Huku kwetu watu wengi waliacha maneno "rahisi" na "ngumu", waandalizi huweka alama kwa kumi. Ngong utaona 4, Longonot 5, Elephant Hill kule Aberdare 8 au 9. Mtu anajua pesa yake inaenda wapi.

Dada Saumu
Na hizo namba nani anazitoa?

Kamau wa Vilima
Mwandalizi 😅. Ndiyo maana Longonot utaikuta 4 kwa kundi moja na 7 kwa lingine. Kilele ni 2,776, ukingo wa kreta pekee ni zaidi ya kilomita 7 na vumbi lake linafanana na unga wa ngano. Ukienda mapema asubuhi ni 4. Ukifika saa tano jua likiwa kichwani ni 7. Mlima ni uleule.

Nyongeza kwa Nesi: Elephant Hill ni karibu mita 3,600, na tunatoka Nairobi alfajiri tunarudi jioni. Pale nimeona watu wa mazoezi, wenye vifua, wakikaa chini baada ya mianzi wakasema niacheni hapa. Kuna mahali tumepabatiza jina la kukata tamaa. Kwa hiyo Fundi Rejeta wa oksijeni, njoo huku, utapata wafuasi.

Fundi Rejeta
Asante Kamau. Nilijua ukweli utatoka nje ya nchi.

Mnyalukolo Ughaibuni
Niko Uswisi mwaka wa tisa sasa. Huku kuna ngazi sita za njia za milimani, T1 mpaka T6, za klabu ya wapanda milima ya nchi nzima. T1 bibi anakwenda na fimbo. T2 njia inaonekana vizuri lakini ina mwinuko. T3 unaweza kuhitaji mikono. Kuanzia T4 ni ya wenye uzoefu, na rangi inabadilika: njia za kawaida zina vibao vya njano, za milimani zina mistari nyeupe-nyekundu-nyeupe, zile za T4 kwenda juu nyeupe-bluu-nyeupe. Kibao kinakuandikia na muda.

Bwana Kibuyu
Basi tatizo la mwanzisha uzi limekwisha, tuchore rangi Uluguru.

Mnyalukolo Ughaibuni
Subiri kwanza, hujasikia nilichoponzeka. Mwaka wa kwanza nikaona T2, nikasema hii si ndiyo wastani, nikaenda na soda na mkate. Nikapanda mita 1,300! T inapima njia tu: kama inateleza, kama kuna genge, kama mikono inahitajika. Haipimi urefu wa siku wala mapafu yako. Na muda wa kwenye kibao hauna mapumziko hata ya kufunga kamba. Nilipitwa na mzee ana mbwa mdogo mwenye miguu mifupi kama kiganja. Mbwa kanipita mara mbili, kwenda na kurudi.

Kijukuu cha Babu
Weka picha ya mbwa.

Shemeji wa Mgeta
Kwa hizo T zenu Lupanga ni ngapi?

Mnyalukolo Ughaibuni
Kwa maelezo ya mizizi na mikono, T3.

Mpagazi Mstaafu
Kiangazi T2. Masika T3, na sala.

Msema Chochote
Nimesoma kimya muda mrefu, ngoja niseme. Mimi ni mwandalizi, siyo wa safari hiyo, wala sitasema natokea grupu gani.

Ukweli ni huu. Kosta ina viti 28. Ukiandika "ngumu", wanajitokeza saba, wote wanaume, wanaomba punguzo. Ukiandika "rahisi hadi wastani", inajaa Jumatano. Gharama ya gari haijui ugumu wa mlima. Bado kuna ada ya hifadhi, kiongozi, chakula. Kwa hiyo ile "hadi wastani" ndiyo sehemu ya ukweli kwenye tangazo, wengi wanaisoma haraka. Na mkitaka nianze kuwauliza watu kabla kama wanaweza kupanda ghorofa nane bila kusimama, wataniambia nawabagua. Nilijaribu mara moja, dada mmoja alinitukana kwa sauti ya dakika tatu.

Mama Wawili
Angalau mmoja kasema. Lakini Msema Chochote, giza likiwakuta watu 24 msituni, tochi za simu zimebaki asilimia 6, hiyo hesabu ya viti inawasaidia nini?

Msema Chochote
Ndiyo maana mimi sizidishi watu kumi na wawili kwa kila kiongozi, na nina saa ya kugeuka. Saa saba mchana popote tulipo tunageuka, hata kilele kikiwa kinaonekana. Nimechukiwa na watu kwa hilo.

Mpagazi Mstaafu
Hilo nakuunga mkono. Aliyekuchukia yuko hai na anakuchukia.

Dada Saumu
Swali la pembeni: mimi sijawahi kupanda hata kichuguu. Nataka "rahisi" ya kweli, nisiaibike mbele ya shemeji zangu. Wapi?

Tupa la Usambara
Njoo Lushoto. Mji wenyewe uko kama mita 1,400, baridi tayari unayo bila kupanda. Kutoka mjini mpaka Irente ni kilomita tano, sita hivi, barabara ya udongo, mikaratusi, watoto wanakusalimia kwa Kisambaa hadi unachoka kujibu. Unafika kwenye mwamba, mbele yako hakuna kitu, nchi imeishia. Chini kabisa unaona Mazinde na mashamba na tambarare inayokwenda mpaka macho yanaumia. Kuna jibini na mkate wa Irente, unakula umekaa. Hiyo ndiyo rahisi. Ukinogewa unaingia msitu wa Magamba, ukinogewa zaidi unachukua siku kadhaa kwenda Mtae, unalala vijijini.

Shemeji wa Mgeta
Au Morningside, hukuhuku Morogoro. Jengo la Mjerumani, maporomoko, unanunua matunda njiani. Mwanzisha uzi angeanzia hapo asingetuletea kucha.

Kamau wa Vilima
Lakini mjue pia "rahisi" inachosha kwa njia yake. Ngong watu hudharau. Wanaenda bila sweta, upepo wa pale unazungusha mitambo ya umeme, wewe utasimama na fulana?

Bwana Kibuyu
Mimi nilipanda Meru na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Ilikuwa rahisi sana, kwa sababu kila nilipofikiria kubaki nyuma nilikumbuka bunduki iko mbele.

Mpagazi Mstaafu
Meru rahisi? Ulifika wapi?

Bwana Kibuyu
Miriakamba.

Mpagazi Mstaafu
Ahaa. Kibanda cha kwanza. Mita 2,500. Endelea kuwa na amani.

Dada Saumu
😂😂😂 Kibuyu kimepasuka.

Fundi Rejeta
Aliishia palepale Nesi alipotaja. 2,500. Oksijeni jamani.

Nesi wa Zamu
Fundi, safari hii nakuachia.

Msema Chochote
Tuna safari ya Lushoto mwisho wa mwezi, watu kumi na wawili tu. Magamba siku ya kwanza, Irente ya pili. Dada Saumu karibu. Mtoto wa Tandika nakupa punguzo la pole.

Mtoto wa Tandika
Umeandika kiwango gani?

Msema Chochote
Rahisi hadi wastani.

Mama Wawili
Eeh Mungu.

Mtoto wa Tandika
Nitakuja, lakini nahitaji mtu wa kuniazima viatu namba 43 vinavyozidi kidogo, siyo vyeupe. Kucha ya kulia imetoka leo asubuhi ndani ya daladala, Buguruni. Kijukuu cha Babu, picha ninayo.

Kijukuu cha Babu
Mkuu nimebadili mawazo, nakula.